Nani Anatagonaiz?

Benchi ni langu, na hilo lijulikane mapema, maana ukiwasikia wanaolikalia utadhani waliachiwa na babu zao. Nililinunua kwa kanisa moja lililokuwa likihamia jengo kubwa, nikaliweka hapa Laini Saba, Kibera, mahali njia inapopanda kuelekea Nyayo Highrise, ili mteja wa kahawa asinywe akiwa amesimama. Ukilikalia unayaona vizuri maghorofa ya Highrise na nguo za watu zikining'inia kwenye balkoni. Wale wa kule juu nao wakitaka wanatuona, ila sijui kama wanataka. Jumamosi alasiri wateja wangu ni walewale. Yupo Timothy, tunayemwita Tichaa kwa sababu aliwahi kufundisha darasa la tatu muhula mmoja, akimshikia nafasi mwalimu aliyekwenda kujifungua. Yupo Oketch, tunayemwita Wakili. Sheria hajasomea, lakini akikosa kibarua cha mjengo huenda kortini kusikiliza kesi za watu. Na yupo Muia, Goldeni, aliyepunguzwa kazi serikalini kwa ule mpango waliouita kupeana mkono wa dhahabu, yaani unapewa pesa kidogo unaambiwa kwaheri. Wote watatu wanakunywa kidogo na kuongea sana, na mimi ndiye ninayechochea makaa bure.

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na nne akatokea Wanzala. Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti kule Kabiro, Kawangware, na hapa tunamwita Geti. Kwa kawaida huja na masizi mpaka kwenye kope. Siku hiyo alikuwa ameoga mpaka nyuma ya masikio, amevaa koti la kuazima lililomfunika vidole, na viatu vinang'aa. Hakukaa.

Wakili: Niaje, Geti? Leo unaoa ama unazikwa?

Wanzala: Sijui, bana. Hiyo ndiyo nimekuja kuuliza.

Kisa chenyewe tulikijua nusu. Wanzala anampenda Nelima, msichana anayeshona sweta za shule kwa mashine. Baba yake Nelima ni Mzee Lusweti, karani mstaafu wa serikali, anayekaa kule juu Highrise. Jumapili iliyopita Wanzala alipanda ngazi zile kwenda kujitambulisha. Nelima naye alikuwa amemwambia kwamba leo atapitia hapa kwa benchi na neno kutoka kwa baba. Nusu nyingine ya kisa ndiyo alikuja nayo mdomoni.

Wanzala: Mambo ilikuwa poa kabisa. Nimepewa chai, nimepewa mkate. Mzee anauliza, mimi najibu, Kiswahili tu. Mara akakunja uso. Akaniangalia hivi. Akatoa Kizungu: "Young man, you antagonise me."

Goldeni: You nini?

Wanzala: Antagonaiz.

Wakili: Na wewe ukasema?

Wanzala: Ningesema nini? Mtu mzima amekutolea Kizungu kwake, utanyamaza? Nikamwambia, "Thank you, sir. Even me."

Kwa mara ya kwanza tangu ninunue benchi hilo, wote watatu waliweka vikombe chini kwa pamoja.

Goldeni: Even me.

Wanzala: Nilitaka ajue tuko pamoja.

Wakili: Halafu?

Wanzala: Akainuka, akaingia chumba ya kulala, akafunga mlango. Nikadhani ameenda kutuombea. Nikamaliza chai. Nikangoja. Mathe, mamake Nelima, akaniletea viatu.

Wakili: Viatu vya nani?

Wanzala: Vyangu. Akaviweka hapa mbele yangu, vikiangalia mlango.

Nilimhurumia, na mimi sipendi kumhurumia mteja, kwa sababu nikishaanza kumhurumia namjazia kikombe. Nikamjazia. Akakipokea kwa mikono miwili, mikono ile ile inayoshika moto siku nzima.

Wanzala: Kuna Khamala, yule wa kupiga kinanda kanisani kwao. Huyo mzee anamwita "mwanangu" hata kabla hajasalimia. Nelima akija na jibu baya leo, mimi basi. Sasa nataka nijue hiyo neno. Kama ni nzuri, akifika nimpate nikicheka. Kama ni mbaya, anipate nimepiga magoti. Nitaweka uso gani?

Hapo Tichaa akatia mkono kwenye koti na kutoa kamusi yake ndogo ya Kiingereza, ile anayotembea nayo hata msalani. Akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

Tichaa: Sema tena, polepole.

Wanzala: An-ta-go-naiz.

Tichaa: An, ama ana?

Wanzala: Mzee ana pengo hapa mbele. Inaweza kuwa ana.

Tichaa: Basi imekwisha! Hiyo si Kizungu. Hiyo ni Kiswahili imevaa suti. Sikilizeni. Analima. Anaosha. Anatagonaiz. A ni mtu. Na ni wakati. Neno lenyewe ni kutagonaiz.

Ninakiri kwamba ilinipendeza. Mtu ameisumbukia lugha ya wenyewe wiki nzima, kumbe ni yake mwenyewe. Tichaa akasimama, akatunyooshea kidole kama darasa, na sote tukaitikia: ninatagonaiz, unatagonaiz, anatagonaiz, tunatagonaiz, mnatagonaiz, wanatagonaiz. Mama mmoja aliyekuwa akipita na karai la omena, wale dagaa, alidhani ni maombi ya mchana, akasema amina na kuendelea na njia yake.

Tichaa: Jana?

Sote: Alitagonaiz.

Tichaa: Kesho?

Sote: Atatagonaiz.

Tichaa: Wawili wakifanyiana?

Goldeni: Wanatagonaizana.

Wanzala: Sawa, lakini ni kufanya nini?

Tichaa: Ngoja kwanza. Tunaanza na umbo, maana inakuja nyuma.

Akafungua kamusi kwenye T. Sote tukamwinamia, hata mimi nikaliacha birika. Kidole chake kilishuka pole pole kwenye karatasi mpaka kikakwama.

Tichaa: Kuna "tag". Halafu moja kwa moja kuna "tail". Letu lingekuwa hapa katikati, lakini hawajaliweka.

Wanzala: Tail ni nini?

Tichaa: Mkia.

Wanzala: Mzee aliniita mkia?

Tichaa: Sijasema mkia. Nimesema uko jirani na mkia.

Wanzala akakaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa, koti likamzunguka kama blanketi la mgonjwa. Wakili akaona nafasi yake imefika. Yeye akitaka kuzungumza hukunja mikono nyuma kwanza, jinsi anavyowaona wenzake wenye majoho.

Wakili: Hebu tuangalie ushahidi. Tichaa amesema a. A ni nani? Ni yeye, mtu wa tatu. Angekuwa anakushtaki wewe, angesema unatagonaiz. Amesema anatagonaiz. Kwa hivyo wewe huna kesi.

Wanzala: Lakini alianza na "you".

Wakili: "You" ni ya kukuita tu! Kama vile mimi naweza kusema, "Wewe, Geti, kuna mtu ananitagonaiz." Mzee alikuwa anakulilia, bana! Kuna mtu kule Highrise anamfanyia hicho kitu, na amekuona wewe ni kijana wa mikono, akakuambia kama mtoto wake.

Wanzala: Na mimi nikasema hata mimi?

Wakili: Ukasema hata wewe unafanyiwa. Akasikia uchungu, akaenda kulia chumbani. Mzee hawezi kulia mbele ya mkwe.

Wanzala: Na viatu?

Wakili: Viatu ulipewa uende umtafute huyo mtu.

Nilimwona Wanzala akipata nafuu usoni, na hapo ndipo hasira zangu huanza, mtu anapofarijiwa kwa upuuzi. Lakini nani angenisikia? Walikuwa wameshaanza kumtafuta huyo a. Wakili akasema ni jirani wa juu, wale humwagia watu maji ya kudekia. Tichaa akasema ni Khamala mwenyewe, kwa sababu kinanda ni kelele, na kelele inaweza kumtagonaiz mtu mzima. Wakaanza kupanga ni nani waende na Geti, na wabebe nini. Goldeni peke yake alikuwa anatikisa kichwa.

Goldeni: Nyinyi mnaangalia kichwa cha neno. Mimi naangalia mkia wake.

Wanzala: Tena mkia?

Goldeni: Inaishia na aiz. Hizo aiz mimi nazijua moja moja. Walianza na liberalaiz, unga ikapanda. Wakaleta praivataiz, kiwanda cha shemeji yangu kikapata mwenyewe, shemeji akapata likizo mpaka leo. Ofisini kwetu wakasema rashonalaiz, idara nzima tukabaki kama timu ya karata. Halafu wakakompyutaraiz, hata hao wa karata tukatoka. Neno likiisha na aiz, mtu anafunga virago. Sikujua wameanza kuingia nazo mpaka kwa wakwe.

Wakili: Na baptaiz? Hiyo pia ni aiz, na ni nzuri.

Goldeni: Si unashikwa kichwa unatiwa ndani ya maji?

Wakili: Unatolewa!

Goldeni: Mimi nimeongea juu ya kuingia.

Wanzala: Kwa hivyo Goldeni, mimi ni nini sasa?

Goldeni: Umepunguzwa, kijana wangu. Mzee alikuwa na wachumba wawili kwa payroll. Wafadhili wamemwambia abaki na mmoja.

Wanzala: Wafadhili gani? Mzee ana pensheni tu!

Goldeni: Hata sisi tulisema hivyo hivyo, serikali ina pesa zake. Ulipewa mkono?

Wanzala: Nilipewa viatu.

Goldeni: Basi viatu ndiyo mkono wa dhahabu.

Wanzala akaweka kikombe chini bila kukimaliza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ameshamchomelea Nelima kitanda. Hakuwa amemwambia mtu. Kitanda kiko karakana Kabiro, kimefunikwa na gunia, na pale kichwani amekunja chuma kikatoa ua. Sikujua niangalie wapi. Kule kwetu mtu akishasema amechonga kitanda, mambo ya kubahatisha yameisha, na watu wazima hutakiwa kuacha utani.

Lakini hawa si watu wazima, ni wateja. Tichaa akasema tusikate tamaa, kwa sababu kila neno lina kukataa kwake. Nelima akija na neno baya, Wanzala aseme tu kwamba yeye hafanyi jambo hilo. Aseme, "Mimi sitagonaizi."

Wakili: Sitagonaiz.

Tichaa: Sitagonaizi. Sili, silali, sitagonaizi. Mwisho inakuwa i.

Wakili: I ya wapi? Nasamehe, sisamehe. Nafikiri, sifikiri. Nafanya adabu, sifanyi... ah, hiyo wacha. Sitagonaiz!

Tichaa: Hayo ya samehe ni maneno ya kukopa. Ya kukopa hayabadiliki.

Wakili: Na wewe si ndiyo umetuambia hii ni Kiswahili imevaa suti? Sasa suti imekuwa ya kukopa?

Tichaa: Usinifundishe lugha. Mimi nimesimama mbele ya darasa.

Wakili: Darasa la tatu! Muhula mmoja! Mwenye darasa alizaa haraka akaja kuokoa watoto.

Tichaa: Na wewe unaenda kortini kujikinga mvua, unarudi hapa unajiita msomi.

Wakili: Rudia.

Tichaa: Nimesema mvua.

Goldeni alijaribu kuwatenganisha. Akawaambia kwamba wote ni wajinga sawa, wasigombee nafasi ya kwanza, na kwa wema huo akawageuza wote wawili dhidi yake. Wakili akahamia mwisho huu wa benchi, Tichaa mwisho ule, na kila mmoja akampa mwenzake mgongo. Goldeni akakaa katikati, akaangalia juu. Miaka yote wamekunywa kutoka birika moja, na sasa wamegombana kwa ajili ya herufi ya mwisho ya neno ambalo hakuna aliyelijua. Wanzala akawa amesimama tena, anawaangalia kwa zamu.

Ndipo Nelima akafika. Alikuwa amebeba kikapu cha nyuzi za sweta, na uzi mmoja wa kijani umemnasa begani. Wanzala alijaribu kucheka na kupiga magoti wakati mmoja, akaishia kuinama kama mtu aliyeumwa tumbo.

Nelima: Sasa nyinyi? Mbona mmegeuziana migongo?

Goldeni: Wanatafuta maana ya antagonaiz.

Nelima: Si ndiyo hii mnafanya?

Hakuna aliyegeuka.

Nelima: Ni kumchokoza mtu mpaka awe adui yako. Baba alikuwa anamwambia Wanzala, "Unanichokoza." Hiyo tu.

Wanzala akajishika kichwa. Niliona midomo yake ikisema "even me" bila sauti.

Wanzala: Nikamwambia hata yeye ananichokoza.

Nelima: Ukamwambia asante kwanza.

Wakili: Kortini hiyo ni kukubali mashtaka.

Nelima: Wewe Wakili nyamaza. Kizungu si shida. Baba akikasirika anaongea Kizungu hata na redio. Shida ni kabla ya hapo. Wanzala, baba alikuwa amekuuliza nini?

Nikawaangalia hawa wasomi wangu. Tulikuwa tumelipasua neno kichwa, tumbo na mkia. Tulikuwa tumelikataa, tumelirudisha jana, tumelipeleka kesho, na katika sisi sote hakuna aliyefikiria kumwuliza kijana alikuwa ameulizwa nini. Niliona aibu, na yangu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mimi sikuwa hata na kazi ya kubishana.

Wanzala: Tulikuwa tunaongea... kulikuwa na grili, vile vyuma vya balkoni.

Nelima: Grili uliileta wewe. Baba alikuuliza, kwa Kiswahili, "Kwa nini Nelima?" Wewe ukamwambia grili ya balkoni imechomelewa vibaya. Akakuuliza tena. Ukamwambia fundi aliyechomelea lazima alikuwa mlevi. Fundi ni ndugu yake baba. Akakuuliza tena, ukapanda juu ya kiti ukaanza kuitingisha.

Goldeni: Wewe Geti!

Wanzala: Niliogopa. Mimi nikiogopa naongea chuma.

Nelima hakucheka. Akabadilisha kikapu mkono. Akasema baba amekubali Wanzala apande tena leo saa kumi, baba amwulize swali lile lile kwa mara ya mwisho, na kwamba Khamala ameshaalikwa chakula cha kesho.

Nelima: Lakini kabla hujamjibu baba, nijibu mimi. Wasichana wamejaa Kibera, wamejaa Kawangware. Kwa nini mimi?

Watu hawa wana jibu la kila kitu, kuanzia bei ya unga mpaka nani atashinda vita vya nchi wasizozijua jina. Tichaa akageuka na kunong'ona, "Tumia wakati uliopo." Wakili akanong'ona, "Usikubali kitu." Goldeni akasema, "Weka yoyote, isipokuwa aiz." Nelima akawaangalia mpaka wakainamisha vichwa. Wanzala akafungua mdomo. Akaangalia viatu vyake, akaangalia kamusi juu ya benchi, akaniangalia mimi. Nikajifanya namimina kahawa, lakini birika lilitoa tone moja la machicha, likaisha.

Nelima akangoja kiasi cha mtu kungoja. Halafu akageuka, akaanza kupanda njia ya Highrise. Hakuenda mbio. Alikwenda mwendo wa mtu anayetaka kufikiwa, na kila mwanamume pale aliuona mwendo huo isipokuwa yule mmoja uliomhusu.

— Geti! nikapiga kelele. Toka kwa benchi langu! Kimbia!

Akakimbia. Koti la kuazima likamfuata nyuma. Alimfikia pale njia inapobana, karibu na bomba la maji, na wakasimama wanaangaliana. Tukaona mdomo wake unakwenda. Tukaona mikono inatoka ndani ya koti, inapanda, inashuka, inakunja kitu hewani, labda lile ua la kitanda. Tichaa na Wakili walikuwa wamesimama bega kwa bega bila kujua.

Goldeni: Anamwambia nini?

Nelima alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kikapu amekiweka chini. Kisha Wanzala akanyoosha mkono wake wote kuelekea maghorofa, akaonyesha juu, juu kabisa, mahali penye balkoni ya Mzee Lusweti. Nikabaki nimeshika birika tupu, namwomba Mungu kwa Kiswahili changu cha kawaida isiwe ni grili.